Makinda kwa mrushaji aliyekomaa: inalipa lini, inakula kwako lini

Katika besiboli ya Marekani kwa kawaida klabu hazinunui wachezaji kwa fedha taslimu kama kwenye dirisha la usajili la soka. Kule ni mali kwa mali. Anayetaka mrushaji wa kuanza mchezo (mrushaji ndiye anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani), yule ambaye ameshathibitika kwenye Ligi Kuu (MLB), anapeleka makinda kutoka ligi ndogo: vijana wa miaka 18 hadi 23, wengi wao warushaji pia, ambao majina yao hayajulikani nje ya watu wanaofuatilia viwanja vya mikoani. Fedha hutembea pembeni tu, kufidia sehemu ya mshahara. Tathmini hii ni ya bidhaa hiyo moja, mkono uliokomaa unaonunuliwa kwa mikono michanga, na tumeipima kwa biashara halisi za tangu 1987 ambazo matokeo yake yameshaonekana pande zote mbili za kaunta.

Kwa asiye na muda wa kusoma hadi chini: nunua, ikiwa huyo aliyekomaa amebakiza misimu miwili au zaidi kabla ya kuwa huru kusaini na klabu yoyote, au ikiwa una fedha na ruhusa ya kumsainisha papo hapo. Lipa kwa warushaji wachanga kabla hujagusa wapigaji wako. Na faili la daktari lisomwe kwanza. Ukikosa sharti moja kati ya hayo, bidhaa hiihii inageuka mzigo, hata kama jina lililoandikwa kwenye pakiti ni kubwa.

Maneno machache ya kazi kabla ya kuendelea. Mchezo una iningi 9, na katika kila iningi kila timu hupata zamu moja ya kupiga. Mrushaji wa kuanza aliye mzima huingia uwanjani kila siku ya tano au ya sita, hurusha iningi 5 hadi 7, na kwa msimu hupata michezo kama 32. Tunaposema wastani wa kufungwa, ni pointi anazofungwa kwa kila iningi 9, zile zinazotokana na makosa ya walinzi wake zikiwa zimeondolewa. Chini ya 3 ni daraja la juu, 4 ni la kawaida, na anayekaribia 5 kocha anaanza kumtafutia mbadala.

Sasa bidhaa yenyewe. Watu wengi hudhani wananunua kasi ya mkono, kumbe wananunua muda. Mchezaji akikaa siku 172 kwenye kikosi cha Ligi Kuu anahesabiwa mwaka mmoja wa utumishi. Miaka 6 ikitimia, yuko huru. Miaka 3 ya mwanzo klabu inamlipa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Kisha unafuata usuluhishi wa mishahara, ambako malipo hupanda kila mwaka lakini hubaki chini ya bei ya soko huria. Hapo ndipo thamani ya kinda inapotoka: anakuja na miaka 6 ya kazi ya bei nafuu, hata kabla hajarusha mpira mmoja mbele ya mashabiki wa Ligi Kuu. Vivyo hivyo kwa mkongwe. Mwenye miezi miwili ya mkataba na mwenye misimu mitatu ni bidhaa mbili tofauti, hata takwimu zao zikifanana kama mapacha. Yule wa kwanza ni mpangaji tu.

Na mpangaji ana kasoro nyingine isiyoandikwa kwenye tangazo. Klabu ikiishi na mchezaji wake msimu mzima, akikaribia kuondoka inaweza kumpa ofa rasmi ya mwaka mmoja. Akiikataa na kwenda kwingine, klabu hupata fidia ya nafasi kwenye drafti, yaani uchaguzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya. Aliyebadilishwa katikati ya msimu hawezi kupewa ofa hiyo. Kwa hiyo aliyemleta mwezi wa Julai akimkosa Novemba, anabaki na picha na risiti.

Bidhaa ikiwa katika ubora wake kabisa ilionekana Novemba 1997. Montreal Expos walikuwa na Pedro Martínez, aliyekuwa ametoka kushinda tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa mwaka, katika Ligi ya Taifa (nusu moja ya MLB; nyingine ni Ligi ya Marekani) kwa wastani wa kufungwa 1.90, wapigaji 305 wakiwa wametolewa kwa straiki, yaani mipira mitatu mizuri wasiyoweza kuipiga. Alibakiza mwaka mmoja tu kuwa huru, na Expos hawakuwa na uwezo wa kumbakiza. Boston Red Sox walitoa warushaji wachanga wawili, Carl Pavano na Tony Armas mdogo, basi. Hakuna mpigaji aliyeongezwa juu. Kwenye karatasi ulikuwa ununuzi wa hatari, wa msimu mmoja. Kilichoubadilisha ni kwamba Boston walimsainisha Desemba hiyohiyo, miaka 6 kwa dola milioni 75, na mpangaji akawa mwenye nyumba. Alikaa misimu 7, akashinda michezo 117 na kupoteza 37, akachukua Cy Young za 1999 na 2000, na akaondoka baada ya ubingwa wa 2004.

Jambo la kuangalia hapo ni upande wa pili. Makinda wale hawakuoza. Wote wawili walifika Ligi Kuu. Armas alikatizwa msimu wa 2003 na bega, lakini Pavano alishinda michezo 18 mwaka 2004 akiwa Florida. Pamoja na hayo hawakufua dafu mbele ya Martínez, kwa sababu mikono miwili ya wastani haijumlishwi ikawa mmoja wa daraja la juu. Anayesimama kwenye kilima cha kurushia ni mtu mmoja kwa wakati mmoja, na zamu za kuanza ni tano. Muuzaji anayepokea warushaji wanne wa kawaida kwa bingwa mmoja amejaza ghala, lakini siku ya mchezo mkubwa hana wa kumtuma.

Randy Johnson ni sampuli adimu, maana alipita kaunta hii akiwa pande zote mbili. Mei 1989 alikuwa kinda wa Expos, urefu mita 2.08, mkono wa kushoto wenye kasi ya kutisha na usiojua mpira unaenda wapi. Wastani wake wa kufungwa pale Montreal msimu ule ulikuwa 6.67. Expos wakamtoa pamoja na Brian Holman na Gene Harris kwenda Seattle Mariners, wakampata Mark Langston. Langston alifanya kazi aliyoitiwa, wastani 2.39. Timu ikamaliza ushindi 81 na vipigo 81, yeye akaenda zake California Angels kama mchezaji huru. Johnson, kwa upande wake, aliongoza Ligi ya Marekani kwa kugawa besi za bure (kumpa mpigaji besi ya kwanza bila kupiga, kwa kurusha mipira mibovu) kuanzia 1990 hadi 1992, akachukua Cy Young ya kwanza mwaka 1995, na alipostaafu alikuwa na tuzo hizo 5 na ushindi 303.

Miaka tisa baadaye, Julai 31, 1998, ni yeye aliyekuwa mkono uliokomaa. Houston Astros walimchukua kwa Freddy García, Carlos Guillén na John Halama. Miezi miwili ile aliyokaa Houston ni ya kuwekwa kwenye kabati la vioo: michezo 11, ushindi 10 na kipigo 1, wastani 1.28. Timu ilifikisha ushindi 102. Halafu San Diego Padres wakawatoa raundi ya kwanza ya mtoano, Johnson akipoteza michezo yake yote miwili, na baada ya msimu akahamia Arizona. García alishinda michezo 17 mwaka uliofuata, na mwaka 2001 alikuwa na wastani bora kuliko wote katika Ligi ya Marekani. Hatusemi Astros walikosea. Timu yenye nafasi ya kweli ya ubingwa ina haki ya kulipa bei ya mpangaji. Ila ijue inalipa nini: mtoano wa raundi ya kwanza wakati ule ulikuwa michezo mitano kwa mingi, na mrushaji mmoja alianza miwili.

Biashara inayotajwa kila dirisha linapofunguliwa ni ya Agosti 12, 1987. Detroit Tigers walikuwa wakikimbizana na Toronto. Wakamchukua Doyle Alexander, miaka 36, kutoka Atlanta Braves, wakatoa kinda wa miaka 20 wa ngazi ya AA ya ligi ndogo aliyekuwa na wastani wa kufungwa 5.68. Alexander alianza michezo 11, akashinda 9, hakupoteza hata mmoja, wastani 1.53. Tigers wakatwaa kundi lao. Kwenye mtoano dhidi ya Minnesota Twins alianza miwili akapoteza yote miwili, na baada ya msimu wa 1989 akastaafu. Yule kinda alikuwa John Smoltz, mtoto wa jimbo hilohilo la Michigan: ushindi 213, michezo 154 aliyoifunga kama mrushaji wa kumalizia, Cy Young ya 1996, Jumba la Heshima mwaka 2015.

Wengi hutumia hadithi hiyo kutisha watu wasitoe makinda. Sisi tunaisoma kwa namna nyingine. Bidhaa waliyonunua Tigers ilifanya kazi kama ilivyoandikwa kwenye boksi, na bila hiyo kundi lingekwenda Toronto. Kosa lilikuwa kwenye kukadiria sarafu: 5.68 ya kijana wa miaka 20 anayecheza na watu wazima wa miaka 23 na 24 si 5.68 ya mtu wa umri wao. Namba ya ligi ndogo isiyowekwa karibu na umri wa mchezaji haisemi lolote.

Tukija kwenye bidhaa mbovu, hatuna mfano unaoshinda wa Julai 31, 2018. Pittsburgh Pirates walimchukua Chris Archer kutoka Tampa Bay Rays. Kwa macho ya haraka alitimiza sharti la muda: mkataba ulikuwa unaweza kumbakiza hadi 2021 kwa mishahara ya dola milioni 7.5, 9 na 11, ambayo kwa mrushaji wa kuanza ni bei ya sokoni jioni. Wakalipa kwa Austin Meadows, Tyler Glasnow, na mchezaji wa kutajwa baadaye. Huyo wa baadaye alitajwa Agosti: Shane Baz, aliyechaguliwa wa 12 kwenye drafti ya 2017. Katika lugha ya biashara hizi, “wa kutajwa baadaye” mara nyingi ni kijana wa kujaza nafasi. Hapa alikuwa chaguo la raundi ya kwanza, na ndipo bei ilipopita bidhaa.

Kilichoharibika kina sehemu tatu, na kila moja ingeonekana mapema. Kwanza, walinunua jina la 2015. Mwaka ule Archer alikuwa na wastani 3.23 na wapigaji 252 kwa straiki. Miaka miwili iliyofuata akawa na 4.02 na 4.07, na siku anauzwa alikuwa kwenye 4.31. Mstari ulikuwa unapanda misimu mitatu mfululizo mbele ya macho ya kila mtu. Pili, Pittsburgh walimrudishia mpira wa kasi unaozama, ambao wapigaji waliuchapa kwelikweli hadi akauacha katikati ya 2019, msimu aliomaliza na 5.19. Tatu, mwili: msimu wa 2020 haukuwepo kabisa kwa sababu ya upasuaji wa mishipa inayobanwa kati ya shingo na bega, na klabu haikuendelea na mkataba.

Upande wa Tampa, Glasnow alikuwa amekaa Pittsburgh nusu ya kwanza ya 2018 kama mrushaji wa akiba tu. Rays walimwambia arushe mpira wa kasi juu kwenye eneo la straiki na mpira unaopinda chini yake, wakamrudisha kuanza michezo. Mwaka 2019 alianza 12 kwa wastani 1.78, mkono ukimkatiza katikati ya msimu. Meadows alipiga mipira 33 nje ya uwanja msimu huohuo. Mkono ule uliokuwa takataka kwa mmoja ulikuwa mali kwa mwingine kwa sababu ya mafundi waliokuwa wakiusimamia, na hilo ndilo swali ambalo mnunuzi anapaswa kujiuliza kabla ya kufungua mdomo: je, mrushaji huyu anaachana na walimu waliomfanya awe hivi? Na kinda ninayemtoa ameshindwa yeye, au tumeshindwa sisi kumfundisha? Alama zetu kwa bidhaa hii ni 1 kati ya 10, na hiyo moja ni ya mshahara.

New York Mets walifanya toleo dogo la kosa hilo Julai 30, 2004: Scott Kazmir, chaguo lao la raundi ya kwanza la 2002, kwenda Tampa kwa Víctor Zambrano, mrushaji aliyesifika zaidi kwa kugawa besi za bure. Zambrano alianza michezo 3 msimu ule, kiwiko kikagoma. Kazmir aliongoza Ligi ya Marekani kwa straiki mwaka 2007, wapigaji 239.

Mets haohao walikaa upande wa kuuza Desemba 2012 na safari hii walijua wanachofanya. R. A. Dickey alikuwa na miaka 38, ametoka kushinda Cy Young kwa mpira wa kidoleni usiozunguka, ule unaoyumba hewani kama kipepeo. Toronto Blue Jays walilipa kwa mdakaji Travis d’Arnaud na mrushaji wa miaka 20, Noah Syndergaard, pamoja na wengine, wakampa Dickey mkataba wa ziada wa dola milioni 25 kwa miaka miwili. Walipata iningi zaidi ya 200 kwa msimu, miaka mitatu mfululizo, kwa wastani unaozunguka 4. Ni bidhaa inayodumu isiyopendeza. Kama ulihitaji iningi, hukuibiwa, kama ulidhani umenunua bingwa, uliibiwa mchana. Kwa faida ya wapenda madaktari: Dickey hana kabisa kano ile ya ndani ya kiwiko ambayo wenzake hufanyiwa upasuaji ikikatika. Texas Rangers waligundua hilo mwaka 1996, wakapunguza ofa yake ya kwanza kutoka dola 810,000 hadi 75,000.

Hapo tumefika kwenye sehemu ambayo wanunuzi huipita haraka na ndiyo inayostahili siku nzima. Mbuzi huyu yuko kwenye gunia. Kila biashara hufungwa kwa sharti la kubadilishana taarifa za afya na, kwa kawaida, kupima. Kinachotafutwa: picha za kiwiko na bega, historia ya sindano na dawa za kupunguza uvimbe, siku alizokosa mazoezi ya kurusha kati ya mechi, na kama kasi yake imeshuka mwezi hadi mwezi. Kilomita 2 au 3 kwa saa zilizopotea kati ya Mei na Julai zinasema zaidi kuliko ushindi na vipigo.

Julai 14, 2016, Boston walimchukua Drew Pomeranz kutoka San Diego kwa kinda mmoja tu, Anderson Espinoza, Mvenezuela wa miaka 18 aliyekuwa akifananishwa na Pedro Martínez. Ikaja kubainika kuwa Padres hawakuonyesha taarifa zote za matibabu ya mchezaji wao. Meneja mkuu wao, A. J. Preller, alifungiwa siku 30 bila mshahara, na Boston wakapewa nafasi ya kurudisha bidhaa. Walikataa. Mwaka uliofuata Pomeranz alishinda michezo 17 kwa wastani 3.32, na Espinoza akapasuliwa kiwiko mwaka 2017, kisha tena 2019. Alipoonekana Ligi Kuu ilikuwa Mei 2022, na Chicago Cubs. Muuzaji aliyeficha ndiye aliyebaki na mkono uliovunjika. Usichukue hilo kama kanuni.

Wiki mbili baada ya biashara ile, Padres haohao walimpeleka Colin Rea kwa Miami Marlins ndani ya kifurushi kikubwa. Rea aliumia kiwiko kwenye mchezo wake wa kwanza kabisa akiwa Miami. Siku chache baadaye alirudishwa, na Marlins wakarejeshewa kinda waliyemtoa, Luis Castillo. Bahati ya namna hiyo haiji mara mbili, na Marlins waliitumia vibaya: Januari 2017 walimtoa Castillo tena, kwa Cincinnati Reds, wakamchukua Dan Straily. Straily alikuwa na miaka minne ya udhibiti na iningi 191 za mwaka uliotangulia kwa wastani 3.76. Sharti la muda lilitimia, la afya lilitimia, na bado ilikula kwao, kwa sababu bidhaa ilikuwa ya kawaida. Machi 2019 walimwachia aende. Castillo aliitwa kwenye mchezo wa nyota mwaka huohuo, na Julai 2022 Reds walimuuza Seattle kwa makinda wanne, wakitangulizwa na Noelvi Marte, wakati huo mchezaji wa ndani anayejua kupiga. Kwa hiyo ongeza kigezo: mkono wa kati usinunuliwe kwa kinda mwenye mpira wa kasi wa kilomita 155 na kuendelea. Huyo wa kati hupatikana kila Januari kwenye soko huria kwa mkataba wa mwaka mmoja.

Kumkagua kinda kuna hesabu yake. Maskauti hutoa alama kwa mizani ya 20 hadi 80, ambapo 50 ni wastani wa Ligi Kuu. Usiangalie mpira wake bora. Angalia wa tatu. Mwenye mipira miwili mizuri na wa tatu wa 40 mara nyingi huishia kuwa mrushaji wa akiba, kwa sababu mpigaji anayemwona kwa mara ya tatu mchezo huohuo ameshajifunza. Angalia besi za bure: zaidi ya 4 kwa iningi 9 ni taa nyekundu, Randy Johnson akiwa ndiye mfano ambao kila muuzaji atakutajia. Angalia iningi alizowahi kurusha kwa msimu. Aliyefikisha 110 pale AA bado ana shimo la iningi 60 au 70 kabla ya kuitwa mrushaji kamili wa kuanza, na mikono mingi huvunjikia ndani ya shimo hilo. Mwisho, hesabu miaka tangu asainiwe. Baada ya miaka 4 au 5, kutegemea umri aliosaini, lazima aingizwe kwenye orodha ya wachezaji 40, la sivyo klabu nyingine inaweza kumchukua kwenye drafti ya Desemba. Ndiyo maana Novemba makinda wa aina hiyo hushuka bei, na klabu yenye orodha iliyojaa ifanye biashara kabla ya hapo.

Hata ukaguzi huo hauzuii mkono kuvunjika, na mfano ni Michael Kopech. Desemba 2016 Boston walimtoa yeye, Yoán Moncada na wengine wawili kwa Chris Sale, aliyekuwa na miaka 3 ya mkataba wa bei ya chini. Kopech alianza michezo 4 tu Ligi Kuu mwaka 2018, kiwiko kikakatika, na hakurusha tena hadi 2021. Sale alitoa wapigaji 308 kwa straiki msimu wa kwanza, na wa pili alimtoa mpigaji wa mwisho wa fainali ya ubingwa. Houston nao, Agosti 31, 2017, walimlipia Justin Verlander kwa Franklin Pérez, mrushaji wa miaka 19 aliyekuwa kwenye orodha za makinda bora, pamoja na wapigaji wawili. Verlander alishinda michezo yake yote 5 ya mwisho wa msimu kwa wastani 1.06 na kuchukua ubingwa. Pérez, bega likimsumbua, hakurusha mpira hata mmoja akiwa na Detroit kwenye Ligi Kuu. Tofauti nyingine ya watu hao wawili ni kauli. Verlander, mwenye zaidi ya miaka 10 ya utumishi, yote na klabu moja, hakuweza kuhamishwa bila ridhaa yake. Kinda wa ligi ndogo hupigiwa simu akiwa chumba cha kubadilishia nguo. David Matoma, mrushaji wa Uganda aliyesainiwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2023, yuko chini ya utaratibu huohuo.

Wauzaji wameshaanza kusoma hesabu hizi. Machi 2024 Chicago White Sox walimuuza Dylan Cease kwenda San Diego na sehemu kubwa ya malipo ilikuwa mikono: Drew Thorpe na Jairo Iriarte, pamoja na mrushaji wa akiba Steven Wilson na kijana Samuel Zavala. Thorpe, ambaye ndani ya miezi minne alikuwa amepita Yankees, Padres na White Sox, alianza michezo 9 na Machi 2025 akapasuliwa kiwiko. Cease aliwanyima Washington Nationals pigo hata moja kwenye mchezo mzima mwezi wa Julai.

Miezi tisa baada ya biashara hiyo, klabu ileile, chini ya meneja mkuu yuleyule, ilikuwa ikimuuza Garrett Crochet kwa Boston. Safari hii ilidai mdakaji Kyle Teel, mchezaji wa nje Braden Montgomery na mchezaji wa ndani Chase Meidroth. Mrushaji alikuwa mmoja tu, Wikelman González, mwishoni mwa orodha. Boston walilipa wapigaji, wakamsainisha Crochet miaka 6 kwa dola milioni 170 msimu wa 2025 ulipoanza tu, na wakapata iningi 205 na theluthi moja kwa wastani 2.59. González aliishia kwenye zizi la warushaji wa akiba. Mikono michanga ambayo Boston hawakuitoa, Payton Tolle na Connelly Early, ilipanda Ligi Kuu kabla msimu haujaisha, ikasimama zamu moja na Crochet.